Mjomba anataka Mlimani, mama anataka Mzumbe, na Ijumaa ndiyo mwisho

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi Masasi. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya ECA, nikapata division one ya pointi 7: Uchumi C, Biashara B, Uhasibu B. Niliomba vyuo vitatu na vyote vimenichukua. Mwanzoni nilifurahi, sasa silali.

Vyuo vyenyewe ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (B.Com, yaani shahada ya biashara, upande wa Masoko), Mzumbe (Shahada ya Uhasibu na Fedha), na IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (Shahada ya Uhasibu). Nimepata ujumbe kwenye simu kuwa nina udahili zaidi ya mmoja, kwa hiyo nithibitishe chuo kimoja, na mwisho ni Ijumaa ijayo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, yuko Dar, Kimara, ana duka la vifaa vya ujenzi. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano na cha sita, sitaki kumvunjia heshima. Yeye anasema chuo ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vingine ni shule za bweni. Anasema mtu akisikia umetoka Mlimani hakuulizi swali la pili. Atanipa chumba na chakula bure, na mimi nitamsaidia dukani jioni na Jumamosi kwa sababu shangazi, mke wake, amejifungua karibuni. Nikimwambia Mlimani sikupata kozi niliyoitaka, anasema hilo dogo, nikishafika Mlimani nitahama. Juzi amesema nimtumie zile namba za uthibitisho amalize yeye, maana huku mtandao unasumbua.

Mama anataka Mzumbe. Sababu yake ni kwamba ni nje ya mji, na binti wa jirani yetu yuko huko mwaka wa pili na hajapata mimba.

Baba analima korosho. Anasema yeye aliishia darasa la saba, hawezi kunichagulia, niamue na yeye atajibana.

Mimi nataka kuwa mkaguzi wa hesabu. Nikiwa kidato cha tatu baba alirudi na karatasi zake za malipo kutoka chama cha msingi cha ushirika, pesa imekuja ndogo kuliko alivyotegemea. Nilikaa nazo usiku kucha na kikokotoo cha simu. Nikaona makato ya magunia yamekatwa mara mbili. Nikamwandikia hesabu yote kwenye karatasi ya daftari, akaenda nayo, wakamrudishia. Msimu uliofuata majirani wanne walileta karatasi zao. Mpaka leo wanaleta.

Naomba unisaidie, Shangazi. Jina la chuo lina uzito kiasi gani mtu anapotafuta kazi? IFM watu wanasema si chuo kikuu, je shahada yake ni sawa na za wengine? Na mjomba nimwambie nini? Mkopo nimeomba ila majibu bado.

Binti wa Masasi


Marahaba, mwanangu. Hongera kwa matokeo, na hongera kwa baba yako kurudishiwa pesa yake.

La kwanza, kabla hatujafika kwenye vyuo: zile namba usimtumie mtu. Si mjomba, si rafiki, si kijana wa steshenari anayejua kompyuta. Uthibitisho unafanywa na mwombaji mwenyewe, kwenye akaunti aliyofungua katika chuo anachokitaka, kwa namba aliyotumiwa. Anayeiingiza namba ndiye anayechagua. Mjomba wako hana nia mbaya, lakini mtu aliyekwisha kuamua akipewa kalamu atasaini. Mtandao wa Masasi ukigoma mchana, jaribu saa kumi alfajiri.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mlimani umeitaja ndani ya aya ya mjomba tu. Neno Masoko umeliandika mara moja tu, tena ndani ya mabano, halafu hukulirudia. Lakini ulipofika kwenye makato ya magunia ukasahau kuwa unaomba ushauri, ukaanza kunisimulia. Binti anayekesha na karatasi za baba yake kutafuta pesa ilipopotelea hahitaji Shangazi wa kumwambia anapenda nini. Anahitaji mtu wa kumkumbusha asikiuze hicho kwa ajili ya jina la geti.

Na usidhani nalidharau jina. Mlimani ina uzito wake. Kitivo chao cha biashara kilianza 1979, ndicho leo wanakiita Shule Kuu ya Biashara, na wahitimu wake wamejaa kwenye mabenki na mashirika. Kama wangekupa B.Com ya Uhasibu ningekwambia thibitisha usiku huu huu, uombe bweni mapema (mabweni ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yana nafasi 3,840, na bado hayatoshi), na barua hii ingekuwa fupi. Ila hawakukupa uhasibu. Wamekupa kuuza. Masoko ni taaluma nzuri na wapo wanaoiomba wakaikosa, lakini ni barabara nyingine, na aliyeamka kwenda Newala hapandi basi la Tunduru eti kwa kuwa lina viti vizuri.

Tofauti hiyo utaiona siku ya kuomba kazi. Soma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, yanawekwa wazi kila mtu aone. Nafasi ya Mhasibu Daraja la II kwa kawaida inataka shahada ya uhasibu, au shahada ya biashara kwa "waliojiimarisha" katika uhasibu, na juu yake CPA, cheti cha taaluma cha wahasibu. Nafasi ya Afisa Hesabu haidai CPA, lakini neno lile la kujiimarisha katika uhasibu limo vilevile. Mwenye B.Com ya Masoko anakwama kwenye sentensi hiyo hata kama cheti chake kina nembo ya Mlimani. Kwa hiyo mjomba amekosea: swali la pili lipo. Wanauliza umesoma nini. Na kwa fani yako lipo la tatu, zito kuliko yote: CPA unayo?

Hapo ndipo pa kukaa kidogo. Uhasibu si kama fani nyingine ambazo shahada ndiyo mwisho wa safari. Mbele yako ipo Bodi ya Wahasibu, NBAA, na mitihani yake inafanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu haanzii ngazi ya chini kabisa, anaruka hatua kadhaa. Mwenye shahada nyingine anaweza kuufuata uhasibu pia, ila kwa njia ndefu. Na ukishaipata CPA, nakwambia kwa uzoefu wa miaka mingi kwenye ofisi za hesabu, hakuna anayekuuliza ulisoma wapi isipokuwa kwa soga za chai. Nimefanya kazi chini ya bosi aliyeanzia cheti cha biashara cha jioni. Na nimewahi kuwa na mwenzangu mwenye shahada ya chuo cha kifahari ng'ambo aliyekaa miaka tisa akiwa msaidizi, kisa somo moja la kodi. Mimi mwenyewe mtihani wa mwisho niliurudia mara tatu, kwa hiyo usidhani naongea kama mtu aliyeteremshiwa.

Kuhama kozi ukishafika: inawezekana, wapo waliohama. Lakini kuna muda maalumu wa kuomba, lazima uwe na sifa za kozi unayokwenda, na lazima nafasi iwepo. Kozi ya uhasibu ndiyo kila mtu anayoikimbilia. Utakuwa kwenye foleni na wenzako waliodanganywa na wajomba zao. Usianze miaka mitatu kwa kamari.

Kwa hiyo Masoko tumeyaweka pembeni. Zimebaki mbili, na zote mbili ni uhasibu. Hapa uamuzi ni mgumu zaidi, na nakubali Shangazi mwingine angekupeleka kusiko kwangu.

Kwanza nikujibu la IFM. Ni kweli kwa jina si chuo kikuu, ni Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kimeundwa kwa sheria mwaka 1972, na kinasimamiwa upande wa vyuo vya ufundi kama ilivyo CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) na Chuo cha Uhasibu Arusha. Lakini shahada yake ni shahada, ngazi ya nane kama ya wengine, inaonekana kwenye kitabu cha udahili cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, pamoja na vyuo vikuu, na NBAA wanaipokea. Mwambie anayekucheka aende akahesabu wahasibu waliotoka pale. Tena kiko Posta, katikati ya mabenki, bima na makampuni ya ukaguzi. Mwanafunzi wa pale akitafuta sehemu ya fildi, yale mafunzo ya kazi kwa vitendo, anazunguka kwa miguu. Kwa mtu anayetaka ukaguzi, hiyo si faida ndogo.

Shida yangu na IFM si chuo. Ni Kimara.

Safari yenyewe si mbaya, basi la mwendokasi linakutoa Kimara mpaka Posta bila kubadilisha gari, tofauti na Mlimani ambako ungeshuka Ubungo ukaunganisha. Tatizo ni kwamba mjomba hakukuahidi chumba. Amekuahidi chumba na duka. Jioni na Jumamosi. Na mke wa mjomba ana mtoto mchanga, jambo ambalo umelitaja kwa mstari mmoja ukapita, labda kwa sababu hujawahi kukaa kwenye nyumba ya namna hiyo ukiwa binti pekee mkubwa. Mimi nimekaa. Hakuna mtu atakayekutesa. Utapendwa, utalishwa, utanunuliwa nguo ya Idi au ya Krismasi. Na kila utakapofungua daftari mtu atakuita kwa upole. Vipindi vya chuo havifuati saa za duka. Vingine vinaanza jioni, majaribio yanawekwa Jumamosi, kazi za makundi mnakutana usiku. Mwezi wa kwanza utamudu. Kufika mtihani wa muhula wa kwanza utakuwa unachagua kati ya supu (kurudia mtihani) na kumuudhi mtu aliyekusomesha. Chakula cha bure kina bei, ila hakiandikwi popote.

Ungeweza kusoma IFM ukapanga. Wapo wanaopanga Kigamboni na kuvuka kwa pantoni kila siku. Lakini ukiwa na mjomba Kimara halafu ukapange Kigamboni, hilo ni tusi ambalo ukoo mzima utalisikia kabla hujanunua godoro.

Ndiyo maana mimi, kwa karatasi hii uliyoniwekea mezani, naelekea Mzumbe.

Si kwa sababu ya mama. (Mwambie mama, kwa heshima zote, mimba haiangalii ramani.) Naelekea huko kwa sababu ni uhasibu ulioutaka, na kwa sababu ndiyo sehemu pekee kati ya hizo tatu ambako muda wako utakuwa wako. Chuo kiko kilomita 20 na ushei kutoka Morogoro mjini, barabara ya Iringa, milima ya Uluguru iko hapo pembeni. Kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 2001 kiliitwa IDM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na kazi yake ilikuwa kuwapika watumishi wa serikali. Mpaka leo ukiingia idara ya fedha ya halmashauri, usishangae mezani ukakuta mtu wa Mzumbe. Kuna mabweni, na ukikosa bweni wanafunzi wanapanga kijiji cha Changarawe, jirani kabisa na chuo. Kutoka chumbani kwenda darasani ni miguu. Nauli sifuri, foleni sifuri.

Ubaya wake nao uujue. Ofisi za maana ziko mbali. Fildi hazitakufuata Mzumbe, itabidi uanze kuandika barua miezi mitatu kabla ya wenzako wa Posta. Na ukichoka na kijiji, ni kijiji kweli.

Tuje kwenye pesa, maana baba amesema atajibana na mimi nataka kujua atajibana lini. Korosho inalipa msimu mmoja. Minada inaanza Oktoba, pesa inaingia mpaka Desemba, Januari hivi, basi. Vyuo navyo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Utaona muhula wa kwanza mambo yako vizuri, baba anapokea simu kwa kicheko. Muhula wa pili unaanza kuelekea Machi, Aprili, wakati nyumbani hakuna kitu shambani wala benki, na huo ndio wakati wanafunzi wengi wa kusini wanapoanza kula mlo mmoja. Kaa na baba sasa hivi. Mwombe pesa ya korosho isije kwako kidogo kidogo. Ikiingia, ilipe kodi ya chumba ya mwaka mzima au bweni la mihula yote miwili, na fungu la ada kadiri itakavyofika. Chakula ndicho kibaki kutegemea miezi ya ukame.

Mkopo usiuhesabu mpaka uone jina lako. Majina ya kwanza ya Bodi ya Mikopo huwa yanatoka karibu na kufungua vyuo, wewe utakuwa umekwisha kuthibitisha. Na kupata si kupata kila kitu: mtu anaweza kupewa bumu, yaani pesa ya kujikimu, na sehemu tu ya ada. Bumu lilipandishwa kuwa 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi. Mwezi wa siku 30 ni 300,000. Changarawe hiyo inatosha na chenji unaweka. Dar, ukiwa umepanga, inakwisha tarehe 18. Linakuja kwa awamu, na likichelewa linachelewa kwa wote, kwa hiyo usiwakopeshe wenzako la mwanzo. Ukianza kazi ya mshahara watakukata asilimia 15 mpaka deni liishe. Hilo mwambie baba mapema asije akadhani ni msaada.

Pakua fomu ya kujiunga ya Mzumbe uisome mpaka ukurasa wa mwisho. Ada iko juu kwa herufi nzito. Michango iko chini: ile 20,000 ya TCU, bima ya afya, serikali ya wanafunzi, kitambulisho. Jumlisha wewe mwenyewe, unajua kujumlisha.

Bado mjomba. Kwenu kusini mjomba si mtu wa kuarifiwa kwa ujumbe wa simu, na huyu amekusomesha. Usimpigie wewe kwanza. Mama ampigie, maana ni kaka yake, kisha wewe uongee ukiwa pembeni ya mama. Usiseme "nimeikataa Mlimani". Sema kilicho kweli: Mlimani hawakunipa uhasibu, mjomba, na wewe ulinisomesha ECA ili niwe mhasibu. Halafu muombe kitu, kwa dhati, kwa sababu mtu aliyekataliwa msaada wake anaumia zaidi ya aliyekataliwa ushauri. Basi la Masasi linakufikisha Dar; muombe akupokee, ulale kwake, akupandishe gari la Morogoro mwenyewe. Na mwombe chumba kile kile cha Kimara kwa ajili ya fildi, mwisho wa mwaka wa masomo, wiki utakazokuwa unatoka kazini saa kumi huna mtihani. Hapo Jumamosi simama dukani kwake bila kinyongo, na umwandikie vitabu vya duka vizuri. Sidhani kama ana vitabu.

Akisema "basi kaa kwangu usome IFM, duka achana nalo, nitaajiri kijana", na akisema hivyo mbele ya mama, mwanangu, ita kikao upya. Hapo IFM inapanda juu ya Mzumbe kwa maoni yangu, kwa ajili ya zile ofisi za Posta. Lakini asikie mama, na kijana awe ameajiriwa kweli.

Jambo dogo la mwisho kuhusu wale majirani wenye karatasi. Nilishangaa hukuomba Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza 1963 kama chuo cha ushirika, maana makato ya magunia ndiyo chakula chao cha kila siku. Basi, imepita. Ila ukifika wakati wa fildi, usikimbilie benki kama wenzako. Andika barua COASCO, shirika lililoundwa 1982 kukagua vyama vya ushirika, uwaambie ulichofanya ukiwa kidato cha tatu. Waambatanishie ile karatasi ya daftari kama baba bado anayo.

Mama ampigie mjomba Jumatano. Wewe thibitisha Alhamisi usiku, ukiona neno la kuthibitishwa piga picha ya kioo cha simu uitunze. Ijumaa nchi nzima itakuwa kwenye mtandao huo huo.

Shangazi